Nimepewa BrailleNote ya zamani: Gmail inagoma, WhatsApp haimo. Niitupe?

"Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari ya kata mkoani Tabora. Niliacha kuona nikiwa darasa la tatu, nikasoma kwa nukta nundu hadi chuo kikuu. Mwezi uliopita rafiki yangu aliyekuwa akisoma Ulaya alinipa mashine yake ya zamani, BrailleNote Apex, daftari la elektroniki la breli lenye seli 32 (kila seli huonyesha herufi moja kwa nukta zinazopanda) na vibonye vya breli. Inawaka, inaongea, na nukta zinapanda vizuri isipokuwa seli mbili. Wi-Fi inashika, lakini Gmail inakataa nenosiri langu ambalo nina hakika nalo, tovuti nyingi hazifunguki, na WhatsApp siioni popote. Fundi mmoja mjini anataka shilingi 400,000 'aiapdeti'. Mke wangu anasema fedha hiyo ninunue simu nzuri inayoongea, kwa sababu breli imepitwa na wakati. Niitengeneze, niiuze, au nihamie kwenye simu moja kwa moja?"

Mwalimu, hongera kwa mashine na pole kwa usumbufu. Nianze na fedha, maana ndiyo inayoweza kupotea leo hii: usimpe fundi hizo 400,000. Sisemi kwamba ni tapeli. Huenda kweli anadhani mashine yako ni kama simu, kwamba ukiitia programu mpya itafufuka. Apex haina programu mpya ya kutiwa itakayoifikisha kwenye WhatsApp. Na mashine yenyewe haijafa. Kilichokufa ni sehemu moja tu, ile inayozungumza na intaneti. Sehemu yenye thamani kubwa zaidi, yaani seli zako na vibonye vyako, inafanya kazi hadi sasa.

Nikueleze kinachotokea Gmail inapogoma, kwa kuwa nadhani umeshabadilisha nenosiri mara tatu ukijilaumu kwamba umesahau. Apex ni mashine ya miaka ya 2010 hivi. Watengenezaji wake, HumanWare, waliijenga juu ya Windows CE 6.0, mfumo mdogo wa Microsoft ambao Microsoft wenyewe waliacha kuuhudumia mwaka 2018. Kila unapofungua barua pepe au tovuti, mashine yako na kompyuta ya upande wa pili huanza kwa kukubaliana namna ya kuficha mazungumzo ili mtu wa katikati asisikilize. Makubaliano hayo yana matoleo. Apex inajua matoleo ya zamani tu, na kufikia 2020 vivinjari vikubwa vilikuwa vinayaacha matoleo hayo kwa kuwa hayaaminiki tena. Kwa hiyo tovuti haikukatai wewe. Inakataa namna mashine yako inavyobisha hodi.

Gmail imeongeza kizuizi cha pili. Tangu Mei 2022, Google waliacha kupokea programu zinazoingia kwenye akaunti za kawaida kwa kutaja jina na nenosiri peke yake. Programu ya barua ya Apex inafanya hivyohivyo. Wapo watakaokuambia kuna njia ya kuomba nenosiri maalumu la programu za zamani. Ni kweli ipo, lakini sikushauri uhangaike nayo kwenye mashine hii. Kizuizi cha kwanza kitakuwa bado kipo, na barua za mtumishi wa umma hazifai kupita kwenye mfumo ambao haujazibwa matundu tangu 2018.

WhatsApp ni hadithi fupi zaidi. Haikuwahi kutengenezewa mfumo huo. Madaftari ya breli yenye Android yalikuja baadaye, kama BrailleNote Touch ya mwaka 2016, na hata hiyo ya kwanza ilitoka na Android 4.4, ilhali WhatsApp ya sasa inadai Android mpya kuliko hiyo. Nakutajia hili kwa sababu huenda mtu akakuuzia Touch iliyotumika kwa bei inayovutia. Kabla hujatoa hata senti, uliza ni Android namba ngapi.

Sasa tuje kwenye ninachotaka ufanye. Acha kuidai Apex iwe kompyuta. Itumie kama mikono ya kompyuta nyingine.

Kwenye orodha kuu ya Apex kuna chaguo la terminal. Ukiliingia, mashine inaacha kufikiri yenyewe na kuwa kionyeshi cha breli cha kompyuta uliyoiunganisha nayo: yaliyo kwenye skrini ya kompyuta yanapanda kwenye seli zako, na unachokiandika kwa vibonye sita vyako kinaingia kwenye kompyuta. Upande wa kompyuta unahitaji programu ya kusoma skrini. Chukua NVDA. Ni ya bure kabisa, ilianzishwa na Waaustralia wawili wasioona mwaka 2006, na inaitambua Apex kwa kebo ya USB na kwa Bluetooth. Laptopu iliyotumika inayoendesha Windows ya sasa inatosha, na ukiwa na hizo 400,000 umeshapiga hatua nzuri kuelekea kuipata.

Hapa ndipo wengi hukwama, wakarudi wakisema haifanyi kazi. Kwenye machaguo ya terminal ya Apex lazima uiambie ni mlango upi utumike, USB au Bluetooth. Usipochagua, kompyuta itaita na Apex haitaitikia. Kisha kwenye NVDA bonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida ni Insert) pamoja na Control na herufi A, dirisha la kuchagua kionyeshi lifunguke, ushuke mpaka kwenye HumanWare BrailleNote uichague mwenyewe. Usisubiri ijitambue. USB ikigoma, jaribu Bluetooth. Katika kuoanisha kwa Bluetooth mara ya kwanza, kaa na mtu anayeona kwa dakika kumi, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha wakati mwingine hutokea na kutoweka kabla programu haijausoma.

Baada ya hapo, vibonye vinne vya dole gumba vitakuwa vyako: viwili vya kati vinasogeza maandishi nyuma na mbele, viwili vya pembeni vinapanda na kushuka mstari. Na vile vibonye vidogo vilivyo juu ya kila seli vinapeleka kielekezi kwenye herufi hiyohiyo uliyoigusa. Umeandika "Kinjeketile" ukakosea herufi ya sita? Unagusa juu yake, unafuta, unaandika. Kwa sauti peke yake, kazi hiyo ni ya kusogea herufi moja moja huku ukihesabu.

WhatsApp itafunguka kwenye laptopu, ikiwa imeunganishwa na simu yako. Akaunti moja inaruhusu hadi vifaa vinne vya ziada, na simu si lazima iwe hewani muda wote, mradi uifungue angalau mara moja katika siku 14. Gmail utaifungua kwenye kivinjari cha kawaida. Kikundi cha walimu wa mkoa, barua ya afisa elimu, fomu ya semina, vyote vitapita chini ya vidole vyako.

Kuna jambo moja la lugha ambalo maelekezo ya Kiingereza hayakutajii. Programu hubadilisha nukta kuwa herufi kwa kufuata jedwali, na jedwali utakalolikuta linaweza kuwa la Kiingereza, pengine cha daraja la pili chenye vifupisho. Ukisoma Kiswahili kwa jedwali hilo, "barua" itakuja na kifupisho cha "ar", "kwenda" na kifupisho cha "en", na "shamba" na cha "sh". Kwa kuwa ulisoma Kiingereza cha daraja la pili utavitambua, ingawa vidole vitakuwa vinajikwaa. Balaa liko kwenye kuandika. Andika "U hali gani" na jedwali hilo litapeleka "Us hali gani", kwa sababu herufi u ikisimama peke yake ni kifupisho cha neno la Kiingereza. Nilishawahi kumtumia mkuu wangu wa kazi ujumbe wa namna hiyo, akanijibu kwa Kiingereza, na mazungumzo yote ya siku ile yakawa ya kigeni bila sababu.

Kwenye mipangilio ya breli ya NVDA kuna jedwali la kusomea na jedwali la kuandikia, kila moja peke yake. Yapo majedwali kadhaa ya Kiswahili yaliyoandikwa kuwa ya Kenya, kuanzia daraja la kwanza lisilo na vifupisho. Weka daraja la kwanza la Kiswahili pande zote mbili. Usijali jina la Kenya, alfabeti ni ileile. Ukishazoea, unaweza kujitengenezea wasifu wa pili wenye Kiingereza cha daraja la pili kwa ajili ya vitabu vyako vya Kiingereza.

Kuhusu seli mbili mbovu. Kila nukta imekaa juu ya kijiti chembamba cha kauri kinachopinda kikipitishiwa umeme, na mpindo huo ndio unaoisukuma nukta juu kwa chini ya milimita moja. Seli moja ina nukta nane, kwa hiyo mashine yako ina nukta 256, kila moja na kijiti chake. Hiyo ndiyo siri ya bei za vifaa hivi, na ndiyo sababu vumbi la Tabora na jasho la vidole ni adui wake mkubwa. Zima mashine, chukua kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo na kukamuliwa sana, pangusa uso wa seli taratibu. Usimwage maji wala spiriti juu yake, na usichomeke sindano hata kama mtu amekuonyesha. Osha mikono kabla ya kusoma, hasa baada ya chaki na mihogo ya kukaanga. Nukta iliyokwama kwa uchafu inaweza kurudi. Iliyokufa haitarudi mpaka seli ibadilishwe, na kwa mashine ya umri huo sioni faida ya gharama hiyo.

Lakini zikariri seli hizo mbili zilipo, na ujue ni nukta ipi inayokosekana, kwa sababu ya tarakimu. Katika breli ya kawaida 4 ni nukta ya 1, 4 na 5, na 3 ni nukta ya 1 na 4. Nukta ya 5 ikifa katika seli fulani, 400,000 itasomeka 300,000 pale tu tarakimu ya kwanza itakapoangukia hapo, na neno lolote la kawaida litakuwa sawa kiasi kwamba hutashtuka. Nukta ya 2 ikifa, 2 inakuwa 1. Kila unaposoma kiasi cha fedha, alama za wanafunzi au namba ya simu, sogeza maandishi kidogo ili tarakimu zihamie seli nyingine, kisha usome tena. Ni sekunde mbili.

Sasa hoja ya shemeji. Hajakosea yote, na nisingependa jibu langu lilete ugomvi nyumbani. Simu inayoongea ni chombo kikubwa, na unaihitaji hata ukiwa na Apex, kwa sababu ndiyo yenye laini yako. Kwa kutembea mjini, kupiga simu, kusikiliza ujumbe wa sauti na habari, sauti ina kasi kuliko vidole vyangu, na mimi ni msomaji wa breli tangu utotoni. Asichoambiwa shemeji ni kile sauti isichokupa. Sauti ikikusomea "Bagamoyo" haikuonyeshi jinsi neno lilivyoandikwa. Mwalimu anayesahihisha insha lazima aone kama mtoto ameandika "hakuna" au "akuna". Sauti ya Kiswahili iliyomo ndani ya NVDA inaeleweka, ila ni kavu kama bati, na ukiisikiliza saa nne mfululizo kichwa kinauma.

Tena sauti haina siri. Niliwahi kupanda daladala nikiwa nimesahau kuchomeka spika za masikioni, simu ikatangaza kwa gari zima kwamba maombi yangu ya mkopo yamekataliwa. Kondakta alinipa pole. Kwa nukta nundu, unasoma ujumbe huo mkono ukiwa ndani ya mkoba. Zile namba sita za uthibitisho zinazotumwa unapoingia kwenye akaunti ni jambo jingine: sauti inazitamka mara moja na zinapita. Kwenye seli zinakaa palepale mpaka umalize kuzinakili.

Mahali ambapo nitamuunga mkono shemeji kabisa ni kwenye miamala ya fedha kwa menyu za nyota na reli. Menyu hizo hukatika zenyewe baada ya muda mfupi, na anayesoma kwa vidole hujikuta ametupwa nje akiwa hatua ya tatu. Hapo tumia sauti yenye spika za masikioni, au tumia programu ya mtandao wako kwenye simu, ambayo haikuharakishi kiasi hicho.

Kama hata laptopu haiwezekani kwa sasa, jua kwamba simu yako ya Android inaweza kuwa na kibodi ya breli bila kununua chochote. TalkBack, programu ya kusoma skrini ya simu za Android, iliwekewa kibodi hiyo mwaka 2020: unageuza skrini itazame mbele, unaweka vidole vitatu vya kila mkono, unaandika kama kwenye Perkins, ile mashine ya kuchapia nukta nundu. Watumiaji wa iPhone wamekuwa nayo tangu 2014. Hutasoma kwa vidole, lakini utaandika ujumbe wa WhatsApp haraka kuliko kuwinda herufi moja moja kwenye kioo. Siku tatu za mwanzo zinaudhi. Vumilia.

Kuuza? Sikushauri. Atakayeinunua atakutana na ukuta uleule, na bei utakayopata haitakununulia hata nusu ya kionyeshi kipya. Madaftari mapya ya seli 32 yenye Android yameuzwa kwa zaidi ya dola 5,000, na mimi hata nikipewa fedha hiyo na mfadhili nisingelinunua. Android yake itazeeka kama Windows CE ilivyozeeka, na utarudi kuniandikia barua hiihii baada ya miaka minane. Mfadhili akijitokeza, mwombe laptopu nzuri na kionyeshi cha kawaida cha breli kinachofuata kanuni ya pamoja ya vionyeshi vya USB iliyotangazwa mwaka 2018, ili kifanye kazi na kompyuta yoyote bila kutafuta programu ya mtengenezaji. Orbit Reader 20, ambayo wanafunzi wengi wa Kenya wameipata kupitia Kilimanjaro Blind Trust Africa ya Nairobi, ni mfano wa kifaa cha bei ya chini zaidi. Ina seli 20 tu, nukta zake zinapanda polepole na kwa kelele kidogo, na haiongei. Kwa kusoma kitabu inatosha sana. Kwa kuperuzi tovuti inachosha.

Na usiache kuitumia Apex ikiwa peke yake, bila intaneti yoyote. Programu yake ya kuandikia ni tulivu, inawaka papo hapo, na hakuna kikundi kinachokukatiza. Andalia masomo humo, hifadhi kama faili la Word, hamisha kwa flashi iliyofomatiwa FAT32, chapisha kutoka kwenye laptopu. Vitabu vya BRF, yaani faili zilizokwisha kuandikwa kwa breli, vile vinavyotolewa na maktaba ya mtandaoni ya Bookshare kwa mfano, utavisoma humo bila shida. Ukiingia darasani na maelezo ya Vita vya Majimaji chini ya vidole vyako, unaweza kuongea huku ukisoma, jambo ambalo sauti sikioni haikuruhusu.

Mambo mawili yatakayohitaji mtu wa ana kwa ana. La kwanza ni betri: mashine ikipata joto lisilo la kawaida inapochajiwa, au ukihisi mfuniko wa betri umevimba, chomoa, usiichaji tena, na uipeleke kwa fundi wa vifaa vya elektroniki. Hapo fundi wako wa mjini anafaa, maana betri anaijua. La pili ni kama umefuata yote niliyoandika kuhusu terminal kwa jioni mbili na seli bado ziko kimya. Usiendelee kupapasa peke yako. Wasiliana na tawi la Chama cha Wasioona Tanzania lililo karibu nawe, au kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu cha chuo ulichosoma, uombe saa moja na mtu anayetumia NVDA kila siku. Nenda na Apex, chaja yake, kebo, laptopu, na maelezo ya seli zipi mbili zimekufa na nukta zipi zinakosekana, ili asidhani hitilafu hiyo ni ya muunganisho.